Mita Nane Kufika Majini

Aliyenipigia simu hakusema pole. Alisema, "Mwalimu, Skola amefariki, tunazika Alhamisi saa nane," kisha akakata, nami nikabaki jikoni kwangu Sumbawanga mjini nimeshika mwiko, uji unaungua. Alikuwa Gasto, mtoto wa Egidi, shemeji wa marehemu. Mwanamke wa miaka zaidi ya themanini kumwita "Skola", kama mtu aliyechunga naye mbuzi! Nilitaka kumpigia nimfundishe adabu, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijamwita yule mama jina lolote kwa miaka mingi. Nilikuwa nampelekea sukari na khanga kila Krismasi kwa mkono wa mtu, na kila mwaka mtu huyo alirudi na jibu lile lile: amepokea. Hakuna asante, hakuna salamu. Amepokea. Mama mkubwa Skolastika na mimi hatukupendana, na nalisema hapa mapema ili asije mtu akadhani naandika haya kwa machozi. Lakini nilifundisha hisabati shule za msingi mpaka nikastaafu, nimewafundisha watoto wa watu kubadili kilomita kuwa mita na mita kuwa sentimita, na sikuwahi kusimama mbele ya ubao na mada ile bila kumkumbuka yeye. Sababu ni mwaka mmoja niliokaa kwake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo. Niliambiwa nikae kwa mama mkubwa, kijiji kimoja upande wa Msanzi, kwa kuwa alikuwa amefiwa na mumewe na nyumba ilikuwa tupu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo watu. Mimi jembe nilipewa kabla sijashusha begi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na jiko, na kuta hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo moshi, baridi na maneno vilipita kutoka chumba hadi chumba bila kubisha hodi. Chumba changu kilikuwa kile cha kuhifadhia mbegu. Nililala kati ya magunia ya ulezi na debe la maharage, na asubuhi upepo wa Ufipa ulipoanza ulinikuta nimejikunja chini ya blanketi moja nikisikiliza mama mkubwa akichochea moto na kunisema peke yake. Alikuwa na tabia hiyo. Hakunisema usoni, aliisema sufuria. "Wewe sufuria, umesoma miaka minne, hata kupepeta hujui. Wewe sufuria, unalala mpaka jua linakuchoma macho." Ugali wake ulikuwa wa ulezi, mweusi, mgumu, na ulitaka mboga yenye mchuzi. Mboga ilikuwepo daima, hata kiangazi, maana shamba lake lilishuka kutoka mlangoni mpaka bondeni kwenye kijito kisichokauka. Pale chini alikuwa na kabichi, vitunguu na nyanya, na kwenye kile kijito alichota maji ya kunywa, ya kuogea na ya kupikia pombe. Wenye mashamba ya juu walikuwa wakila maharage makavu kuanzia mwezi wa saba, yeye akila mboga mbichi na kuwauzia.

Shamba lote lilikuwa la ukoo wa mumewe. Wakubwa wa ukoo walikuwa wameshakaa na kuamua: mjane atapewa ekari tatu, kuanzia mlangoni pake kwenda chini, na zinazobaki ni za Egidi, mdogo wake marehemu. Egidi alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya upole, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Nilimwita baba mdogo na kumwamkia shikamoo kwa kuinama kidogo, naye aliitikia marahaba huku macho yake yakitazama kabichi. Kila mtu alijua bila bonde shamba lile ni la mvua tu. Kwa hiyo swali halikuwa ekari ngapi, hilo lilishaisha. Swali lilikuwa ekari tatu za nani, maana kule ekari moja ilikuwa hatua sabini kwa hatua sabini, na hatua ina mwenye miguu.

Mazungumzo yenyewe niliyasikia kupitia juu ya ukuta, asubuhi moja ya mwezi wa tano, nikiwa bado nimelala. Egidi alikuwa amekuja kunywa uji.

"Shemeji, mimi sina ugomvi," alisema. "Ekari tatu nimesema, ekari tatu utapata. Nitatembea mwenyewe, mbele ya mwenyekiti."

"Miguu yako ni mifupi, shemeji."

"Ndiyo aliyonigawia Mungu."

"Atembee Fabiano."

Egidi alicheka. Fabiano alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mwanamume mrefu kuliko mlango wowote kijijini, ambaye alizoea kuinama hata mahali pasipo na mlango. "Fabiano ni twiga," Egidi alisema. "Huyo akipiga hatua sabini anafika kwa jirani."

Nilisikia kijiko kikikwangua bakuli. Kisha mama mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei aliyoifikiria usiku mzima, "Mchukue yule maksai mwekundu."

"Na plau?"

"Na plau."

"Basi atembee twiga wako, shemeji."

Nikaziba mdomo kwa blanketi nisicheke. Ng'ombe mzima wa kulimia na jembe lake la kukokotwa, vyote vimetolewa ili mtu mmoja badala ya mwingine anyanyue mguu! Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimepata alama ya juu kabisa ya hisabati darasani kwetu, na nilifikiri nimeshuhudia ujinga wa kijiji ukivuliwa nguo. Sikujua, na sikujishughulisha kujua, kwamba wiki ile ile mama mkubwa alikuwa ameshuka na Fabiano alfajiri, wakahesabu kimyakimya. Hatua zake mia mbili na kumi, yaani sabini mara tatu, zilivuka kijito na kuingia hatua kumi ng'ambo. Alijua hasa anachonunua. Hata mimi leo, na vyeti vyangu, sijawahi kununua kitu nikiwa na hesabu safi kama ile.

Siku ya kupima ilipofika watu walikuja wengi, maana mahindi yalikuwa yamekauka na hakukuwa na kazi nyingine ya haraka. Mama mkubwa alikuwa amepika pombe ya ulezi ya kufungia makubaliano, na chungu kilikaa kivulini, kimefunikwa, kikisubiri. Yeye mwenyewe alivaa khanga yake ya kanisani. Asubuhi ile, mbele ya wanawake waliokuja kusaidia kupika, hakuisema sufuria. Alinisema mimi. Nilikuwa nimechuja pombe vibaya, machicha yakaingia, naye akaninyang'anya chujio akasema, "Mdogo wangu alinitumia mzigo, akasahau kuufunga. Shule yote hiyo imeingia wapi? Mwili wako ni wa mwanamke, akili ni ya kitabu." Wanawake wakacheka. Mmoja wao, mama wa makamo asiye na meno ya mbele, alicheka mpaka akashika nguzo. Nilitoka nje masikio yakiwaka. Nikaenda moja kwa moja shule ya msingi, nikamwomba mwalimu mkuu futi kamba ya mita thelathini waliyotumia kuchora uwanja wa michezo. Watu waliiita futi, ingawa alama zote juu yake zilikuwa za mita. Sikuwa na mpango wa haki wala wa dhuluma. Nilitaka wanawake wale wanione.

Nilifika Fabiano akiwa ameshasimama kwenye kona ya nyumba, suruali ameikunja, mguu wa kulia mbele. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na daftari. Egidi alikuwa amekaa juu ya jiwe, mnyonge kidogo, kama mtu aliyeuza na kuanza kujuta. Nikapita katikati ya watu nikasema kwa sauti ya darasani, "Hatua si kipimo. Kila mtu ana hatua yake. Kipimo ni mita, na mita haina miguu."

Egidi ndiye aliyeruka wa kwanza. Alidhani ni mtego wa mama mkubwa. "Tulikubaliana Fabiano!" alisema. "Hizo kamba za shule ni za nini? Mnataka nini tena kwangu?"

"Sitaki kitu, baba mdogo. Nataka ukweli."

"Haya, ekari moja kwa hiyo mita yako ni ngapi kwa ngapi?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, na mpaka leo sioni kosa katika maelezo yale. Niliwaambia kwamba ile sabini haikuwa ya hatua. Ilikuwa ya yadi, kipimo cha wakoloni. Walipoondoka waliondoka na yadi zao, ile sabini ikabaki, watu wakaivalisha miguu. Yadi moja ni sentimita tisini na moja na kidogo. Zidisha kwa sabini. "Mita sitini na nne," nikasema. "Ekari moja ni sitini na nne kwa sitini na nne."

Egidi hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini kutoa alijua. Nilimwona akifanya hesabu. Midomo yake ilicheza. Sabini toa sitini na nne. Mara ekari tatu. Uso wake ukafunguka polepole, akasimama kutoka juu ya jiwe, akapangusa makalio, akacheka kile kicheko chake cha upole. "Mwacheni mtoto apime," alisema. "Tumewasomesha ili watufundishe. Mwenyekiti, serikali si inataka mita?" Mwenyekiti, ambaye hakutaka kuonekana hajui serikali inataka nini, akasema ndiyo, inataka.

Mama mkubwa hakupaza sauti. Alikuwa amesimama mlangoni na lile chujio bado mkononi. "Leokadia," aliniita, jina langu lote, "rudi ndani ukaangalie maharage."

Ule ulikuwa mlango, na alikuwa amenifungulia mbele ya watu bila kunivunjia heshima. Nilijua. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla, ilikuwa inaomba. Na mimi nikajibu, "Maharage hayapimi shamba, mama mkubwa." Yule asiye na meno akacheka tena, safari hii upande wangu, na kicheko kile kilinikolea kama sukari. Huwa najiuliza kama ningeweza kukirudisha, ningelipa kiasi gani.

Tukapima. Fabiano alishika mwisho mmoja, mimi mwingine, na kila baada ya mita thelathini kijana wa mwenyekiti alichomeka ufito. Upana tuliumaliza haraka. Urefu ulikuwa mita mia na tisini na mbili, futi kamba sita nzima na mita kumi na mbili. Kwenye futi kamba ya tano ardhi ilianza kuwa laini na nikaona kabichi mbele. Kwenye ya sita nilikuwa nimeshajua. Nilisimama pale na kamba mkononi nikatazama kipande kilichobaki na kijito kule, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani. Fabiano alinijia karibu, akakunja ule mgongo wake mrefu mpaka mdomo ukafika sikioni kwangu.

"Mwalimu," alininong'oneza, na alikuwa mtu wa kwanza kuniita hivyo, "hatua yangu mimi ni mita kamili. Nimeshaipima kwenye uwanja wa shule. Sema sabini. Sema umekosea kuzidisha. Hakuna hapa atakayejua."

Kweli, hakuna ambaye angejua. Egidi mwenyewe angebisha, lakini mwenyekiti angemwambia mwalimu amerekebisha. Ingetosha niseme maneno mawili. Lakini maneno yenyewe yalikuwa "nimekosea", na sikuwa nimekosea, na saa mbili tu zilikuwa zimepita tangu niambiwe mimi ni mzigo ambao haukufungwa. Nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Hatua yako si kipimo cha serikali, Fabiano." Akanyooka, akatazama mbali. Kigingi kikapigwa nyundo mahali kamba yangu ilipoishia, katikati ya mistari miwili ya vitunguu.

Mama mkubwa alishuka taratibu, akiinua khanga yake ya kanisani isishike umande wa majani. Alifika kwenye kigingi akasimama upande wake. Aliangalia maji. Yalikuwa pale pale, unayasikia.

"Kutoka hapa mpaka majini ni ngapi?" aliniuliza.

Nikapima. "Mita nane."

"Sawa," alisema. "Kupima unajua."

Pombe haikunywewa. Watu walisubiri ifunuliwe, haikufunuliwa, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja wakijifanya wanawahi mifugo. Jioni Egidi alikuja kuchukua maksai mwekundu na plau. Nilidhani mama mkubwa atakataa, maana alichonunua hakukipata, lakini alifungua zizi mwenyewe, akamkabidhi kamba, akasema, "Nilisema nitatoa." Egidi aliondoka na bonde, na ng'ombe, na plau. Mjane alibaki na ekari tatu kamili za kitabuni. Hakuna mwingine pale kijijini aliyekuwa na ekari halisi kama zake.

Hilo la mwisho lilinichukua miaka kulielewa. Watoto wanapobadili vipimo huwa wanakosea kwa namna moja: wanakazana na wanakokwenda, wanasahau walikotoka. Unampa mita anakuandikia sentimita bila kuangalia kama alipewa mita. Mimi nilipewa miguu ya Fabiano. Ndicho kipimo watu walichokubaliana, wakakilipia, wakakipikia pombe. Nikakiacha chini, nikaokota yadi ya mtu aliyekufa zamani ambaye hakuwepo pale, nikaibadili kuwa mita kwa usahihi kabisa. Majirani wote walikuwa wamegawana kwa miguu yao mirefu na mifupi, na wote walikuwa na mashamba yao. Nilikuwa sahihi, na ningekuwa nasahihisha daftari la mtoto ningemwekea alama ya kosa.

Nusu iliyobaki ya mwaka ule tuliishi kama paka wawili ndani ya gunia. Egidi hakumkataza mtu maji kwa mdomo. Alipanda ua wa miti ya miiba kwenye mpaka, akaacha kijilango, akatangaza kwamba shemeji yake akitaka maji aombe tu. Mama mkubwa hakuomba. Hakuomba mwezi wa sita, kabichi zake za upande wetu zilipoanza kunyauka, wala mwezi wa nane, upepo ulipokuwa unabeba vumbi mpaka ndani ya ugali. Tulikwenda kuchota kisima cha misheni. Kilikuwa kilomita moja na nusu, najua kwa kuwa alinilazimisha nijue. "Ndoo ni lita ngapi?" aliniuliza siku ya kwanza. Ishirini. "Kisima?" Kilomita moja na nusu. "Basi zidisha," alisema, akanipa kata. Aliacha kabisa kuisema sufuria. Sasa kila kitu alinipimia. Alinipakulia ugali akasema, "Gramu mia tatu, au nimepunja?" Aliniwekea chumvi kwenye kiganja, punje chache, akauliza kama serikali inaridhika. Hakunipiga, hakuninyima. Angeninyima ningepata cha kumlaumu.

Mimi nami sikuwa kondoo. Nilimjibu kwa namba. Nilimwambia gramu mia mbili na themanini. Nilichora ukutani chumbani kwangu, kwa mkaa, mchoro wa shamba na vipimo vyake vyote, ili akiingia kuchukua mbegu auone, na aliuona kila siku, na hakuufuta. Yalikuwa majibu ya kitoto na nilikuwa nayaonea fahari.

Nakumbuka hasa samaki. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio. Egidi alikuwa amerudi kutoka Kipili, ziwani, kwenye shughuli zake, na akaja mpaka mlangoni na migebuka mitatu iliyokaushwa kwa moshi, minene, imefungwa kwenye karatasi la mfuko wa saruji. "Hii ni ya mwalimu wetu wa mita," alisema, akanipa mikononi. Mama mkubwa alikuwa amekaa jikoni, mgongo ametupa. Nilisema asante baba mdogo. Kisha niliingia na wale samaki jikoni, nikawaweka chini, na harufu ya moshi wa ziwani ikajaa nyumba nzima iliyokuwa inakula maharage makavu kwa wiki tatu.

"Nipike?" nikauliza.

"Kwani mimi nimepima kitu?" alisema. "Pika vyako."

Nikapika. Niliwachemsha kwa chumvi na pilipili kidogo, bila nyanya, maana nyanya zilikuwa ng'ambo ya ua. Yeye akala ugali wake na maji ya maharage, akinitazama. Sikuwa na njaa ya samaki watatu. Wa kwanza nilimla kwa hamu, wa pili kwa hasira, na wa tatu nilimla kwa sababu alikuwa ananitazama na sikutaka kuona aibu mbele yake. Nilimaliza mpaka vichwa. Walikuwa watamu, na sitadanganya kuhusu hilo. Alipoinuka kuosha bakuli lake alisema, "Sasa najua umeuza kwa kiasi gani." Nikataka kumwambia sikuuza, sikujua, sikupanga. Mdomo ulikuwa umejaa miiba ya samaki.

Nilipata nafasi ya chuo mvua za kwanza zilipoanza. Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti nikasema shikamoo mama mkubwa, nakwenda. Akaitikia marahaba. Akanipa mahindi ya kukaanga ya njiani, kikapu kizima, na nilipokuwa nimeshafika kwenye njia akaniita nirudi. Nilirudi mbio. Nilidhani tumefika pa kupatana. "Ule mchoro ukutani," alisema, "upana umeandika sitini na nne. Ulipima kweli upande wa juu au ulikisia?" Nilimwambia nilipima. Akatikisa kichwa na kuingia ndani.

Alhamisi nilifika saa tano. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba ile ile, bati jipya, kuta zile zile. Nilipoingia kuvaa khanga ya msiba, binti aliyekuwa akimtunza marehemu alinionyesha hati ya kimila ya shamba ambayo mama mkubwa aliipata miaka ya karibuni, vijana walipokuja kupima kwa simu na mitambo. Alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Niliisoma nimesimama. Hekta moja nukta mbili tatu. Nilizidisha kichwani kabla sijaamua kuzidisha. Vigingi vyangu. Setilaiti nzima ilikuwa imekuja kutoka mbinguni kunisahihishia, na ilikuwa imeniwekea vema.

Fabiano alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kaburi, upande wa juu wa shamba, fimbo mbili mapajani. Miguu ile ilikuwa imekwisha. Vijana walikuwa wanajengea kaburi kwa matofali, na mmoja wao, asiyenijua, alinitupia ncha ya futi kamba. "Mama, hebu tushikie hapo tuone kama ubavu umenyooka." Nilikuwa nimeshainama kuiokota.

"Asishike," Fabiano alisema.

Kijana akashangaa. Fabiano hakunitazama, alitazama fimbo zake. "Marehemu aliacha neno. Leokadia akija, mpeni kiti, mpeni chakula. Kamba asishike."

Niliiacha ile ncha pale chini. Watu wanapenda kusema maji yakimwagika hayazoleki, na sijui kwa nini wanadhani methali hiyo inafariji. Nilisimama nikasikiliza jembe la kuchanganyia saruji likikwangua, mpaka fundi akasema maji yamekwisha na zege litaganda. Vijana walitazamana. Hakuna aliyetaka kwenda. Nikachukua ndoo mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye magoti mabovu, nikateremka shamba lote mpaka kwenye ua. Gasto alikuwa kule bondeni anafunga pampu yake ya kumwagilia. Nilikuwa nimeshaamua njiani. Nitaomba. Yeye hakuomba maisha yake yote, basi mimi nitamwombea, kwa sauti, watu wasikie kutoka juu.

"Gasto," nikasema, "naomba maji ya kaburi la mama mkubwa."

Alinyanyuka, akatabasamu tabasamu la baba yake, akanifungulia kijilango mpaka mwisho.

"Chota, mwalimu. Chota unavyotaka. Baba aliacha neno kabla hajafa, wewe kwenye maji haya usikatazwe kamwe."

Ndoo ilikuwa imeshazama nusu. Niliitazama ikijaa. Kisha nikaimimina yote kijitoni, nikamwambia Gasto ahsante, nikapita pembeni ya kigingi changu, ambacho sasa ni cha zege na kina namba, nikapanda njia ya misheni.

Kisima bado kipo. Nilirudi jasho likinitiririka hadi machoni, robo ya maji ikiwa imenimwagikia mgongoni, na zege la kwanza lilikuwa limeshaganda na wamelitupa, na padri alikuwa anaangalia saa. Vijana walikasirika, wakasema huyu mama ana nini, maji si yako hapo chini? Nikaweka ndoo mbele ya fundi. Fabiano aliangalia nguo zangu zilizolowa, akaangalia vumbi jekundu miguuni.

"Kule ni mbali," alisema. "Ni hatua ngapi?"

"Elfu mbili, mia tano na kumi," nikasema. "Za kwangu."

Akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi ya kukaa.